Asilimia Tatu

Saa tisa usiku, El Alto, baridi imekaza meno.
Mimi, Wilma Quisbert, fundi wa zamu,
nina funguo mbili, chupa ya chai,
na ndani ya kiatamizi nambari nne
wageni elfu kumi wasiopenda hewa.

Walifika Jumatatu katika mfuko wa plastiki:
damu ya kitovu, ya mtoto wa mama mmoja wa Viacha
aliyetia dole gumba kwenye fomu, akauliza,
"Itamuuma?"
Nikamwambia kitovu kimeshakatwa, hili ni salio tu.
Salio! Na ndimo ilimo mbegu ya damu yote.

Daktari Aramayo ni mtu wa Santa Cruz, mtu wa tambarare.
Mwaka wa tatu huu, bado anapanda ngazi zetu
akihema kama mvukuto,
anashika ukuta, anatafuna jani la koka, ndipo asalimu.
Huku juu hewa tunapimiwa kwa kibaba.
Lakini kwa hawa, anasema, hata kibaba hiki ni karamu,
na karamu inawalevya:
wanagawanyika mbiombio, mmoja wawili, wawili wanne,
sahani inafurika,
kila mmoja anakimbilia kazi, huyu mwekundu, yule mweupe,
asibaki hata mmoja wa kuizaa kesho.

Kwao ni ubohoni, ndani ya mfupa,
chumba kisicho dirisha.
Huko wanakaa kimya, na kimya chao ndiyo akiba.
Basi tunafungua mtungi wa nitrojeni, sss,
oksijeni inasukumwa nje,
kumi na tisa, kumi na mbili, saba,
mpaka kioo kiseme tatu.
Tunawanyima ili wadumu.

Baba yangu yeye kazidishiwa.
Miaka thelathini na minane ya kuendesha lori la madini,
na uboho wake ukasikia kwamba hewa haitoshi,
ukatii, ukatengeneza damu, ukatengeneza tena,
wala hakutokea wa kuuambia basi.
Midomo yake sasa ni rangi ya zabibu.
Kila baada ya miezi miwili wanamtoa nusu lita,
nzito, inashuka mpirani kwa kujivuta.
"Wenzangu wanatafuta damu," anacheka, "mimi namwaga."
Uhaba ni ule ule.
Hapa unahifadhi, pale unafurisha.
Sijui niushukuru au niuogope.

Sasa niseme nililolificha.
Wiki tano mfululizo, siku ya kumi na nne,
vishada vyetu vilitoka haba:
tulitarajia tisini, tukahesabu thelathini na kimoja.
Daktari alishuku seramu, akashuku maji,
akashuku umeme wa mtaa.
Nilikuwa mimi.
Saa hizi hizi nilikuwa nafungua mlango,
naitoa sahani, naiweka chini ya hadubini,
dakika kumi na mbili tu, niwaone,
kama mtu anayemfunua mtoto usiku
kuhakikisha kwamba anapumua.
Dakika kumi na mbili za hewa,
hii hii tunayoigombea mimi na Daktari na baba,
na waliokuwa wakitunza akiba
wakaitumia yote.

Nilikiri Ijumaa. Alikaa muda akivuta pumzi.
Nikadhani ni hasira, kumbe ni zile ngazi.
Kisha akachora kwenye bahasha sanduku la kioo
lenye glavu mbili zilizoshonewa ukutani:
mikono inaingia, hewa inabaki mlangoni.
Litafika mwezi ujao, forodha ikipenda.

Mpaka hapo, sifungui.
Nimeweka kiganja juu ya mlango.
Una joto la mwili, kama paji la uso la mtu mzima wa afya.
Ng'ambo ya barabara mbwa wanabweka,
nyumbani baba amelala na mpira wa oksijeni puani.
Chai imepoa.
Kioo kinasema tatu.
Nakiamini, kwa shida.